Kuuza nyumba mjini Moshi msimu wa Krismasi: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kuanzia katikati ya Desemba stendi ya Moshi hujaa watu wanaoshuka na mabegi, ndoo za mafuta ya kula na mifuko ya mchele, na wengi wao hawalali mjini. Hupanda gari za Marangu, Machame, Kibosho, Uru au Rombo siku hiyohiyo ili wafike kwenye kihamba (shamba la ukoo lenye nyumba) cha wazazi kabla giza halijaingia. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam, iliyorejea Desemba 2019 baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20, nayo huleta watu wake. Kwa muda wa wiki mbili hivi mji huu huwa na wanunuzi wa nyumba ambao kwa miezi mingine hupatikana kwa simu tu. Huyu amejenga Dar es Salaam na anakaribia kustaafu, anataka nyumba isiyo mbali na hospitali ya KCMC kwa sababu ya matibabu. Yule anaishi Mwanza na mtoto wake anakuja kusoma chuo hapa. Mwingine anatafuta nyumba ya kupangisha. Wote hao hawana wakati mwingine wa kutembea mitaa ya Soweto, Rau au Longuo wakitazama nyumba kwa macho yao.

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba mjini anayetaka kuutumia msimu huo bila kuuza kwa pupa na bila kugombana na nduguze. Msingi wake ni mmoja: Desemba onyesha nyumba na mpatane, Januari tieni saini na mlipane. Ndiyo maana kazi yenyewe inaanza Agosti au Septemba, wakati hakuna mtu anayefikiria sikukuu.

Hatua ya 1: Tenganisha nyumba ya mjini na kihamba

Familia nyingi za Moshi zina mahali pawili: nyumba ya mjini iliyojengwa au kununuliwa kwa fedha ya mshahara au biashara, na kihamba kule juu mlimani, chenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Kihamba kwa desturi ya Wachaga si mali ya mtu mmoja ya kupelekwa sokoni. Hupita kwa watoto, na kwa mila ya zamani kitinda mimba wa kiume ndiye aliyebaki na nyumba ya wazazi, akiwatunza hadi mwisho. Anayekitoa nje ya ukoo hujibu kwa ndugu walio hai na hutazamwa kama aliyewaacha waliozikwa pale.

Kwa hiyo, kabla ya neno “kuuza” kutamkwa, sema waziwazi ni nyumba ipi inayouzwa. Nimeona wazee wakishtuka na kuugua kwa kusikia nusu ya habari, kwamba “wanauza nyumba ya baba,” wakadhani ni kihamba, kumbe ni nyumba ya vyumba vitatu Majengo ambayo baba alikuwa akipangisha. Tofauti hiyo ipo hata kisheria. Ardhi ya mjini husimamiwa na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, na ya vijijini husimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo, ambako miliki ni ya kimila na mamlaka ya kijiji ina sauti. Haya ninayoyaeleza hapa yanahusu nyumba ya mjini pekee.

Hatua ya 2: Pata ridhaa ya kila anayehusika kabla mteja hajaingia getini

Hapa ndipo ninapoomba msomaji akae kwa muda, kwa sababu mauzo mengi ya Desemba hufia hapa.

Kama nyumba ni ya mume na mke, hata kama hati ina jina la mmoja, ridhaa ya mwenzake ni sharti. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila idhini ya mwenzake. Idhini hiyo iandikwe na isainiwe mbele ya wakili. Neno la mdomo, hata likisemwa mbele ya mchungaji, halitamtosha mnunuzi makini.

Kama nyumba ni ya urithi, hakuna mtoto anayeweza kuiuza kwa sababu tu ni mkubwa au ndiye aliyebaki na funguo. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye hufanya hivyo kwa niaba ya warithi wote. Kesi ya mirathi haimaliziki kwa wiki mbili za sikukuu, hivyo kama haijafunguliwa, mwaka huu sahau kuuza. Tumia mkutano wa familia wa Desemba kumpendekeza msimamizi, na nyumba iuzwe Desemba ijayo. Mabinti nao wahesabiwe. Sheria ya Ardhi imeweka wazi kwamba haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, na mnunuzi anayejua hilo atauliza mbona sahihi za dada hazipo.

Nitasimulia la kwetu. Nyumba ya marehemu baba yetu ilikuwa Pasua. Tulikuwa watoto watano, na sisi wanne tuliokuwa Moshi na Arusha tulishakubaliana kuiuza, tukaanza kumwonyesha mteja tarehe 22 Desemba. Dada yetu wa Mtwara tulikuwa tumempigia simu na kumwambia tu kwamba tutaongea akifika. Alifika tarehe 24 usiku, na asubuhi ya sikukuu akamkuta yule mteja, ambaye mmoja wetu alimruhusu, akipima madirisha ya sebuleni kwa ajili ya mapazia. Dada hakupiga kelele. Alimgeukia mama akasema, “Mama, kumbe mimi ni mgeni kama huyu baba.” Basi. Hakusaini, na hakuna aliyethubutu kumlazimisha. Mteja alinunua kwingine kabla ya Januari kwisha. Kaka mkubwa ilibidi ampelekee dada jani la isale, ambalo kwetu mtu akilipokea amekubali kusikiliza ombi la msamaha, na ilikuwa Desemba ya mwaka uliofuata ndipo tulipokaa tukazungumza tena juu ya nyumba ile.

Ushauri wangu baada ya hayo ni huu. Mweleze kila ndugu habari yote mapema, ikiwezekana Agosti, kwa simu ya mtu mmoja mmoja na si kwa ujumbe wa kundi la familia. Mwambie sababu ya kuuza, bei mnayoifikiria, deni lililopo kama lipo, na mgawanyo. Kisha kikao cha ana kwa ana kiwe cha kuthibitisha yale ambayo kila mmoja ameshayajua. Koo nyingi huweka vikao vyao kati ya tarehe 26 na 30 Desemba, nanyi mnaweza kupata muda wa saa mbili hapo, lakini mteja asionyeshwe nyumba kabla ya kikao kama kuna hata mmoja ambaye bado ana la kusema. Muhtasari uandikwe, usainiwe na wote, na nakala ziwe mikononi mwa kila mmoja kabla hawajasambaa.

Hatua ya 3: Kusanya karatasi kati ya Septemba na Novemba

Anza na hati miliki yenyewe. Itazame jina, namba ya kiwanja, kitalu na muda wa miliki, kwa kuwa hati hutolewa kwa miaka maalumu, kama vile 33, 66 au 99, na mnunuzi atataka kujua imebaki mingapi. Wengine wana barua ya toleo tu, ambayo watu huiita ofa. Kama ni yako, fuatilia hati kamili ofisi ya ardhi kabla ya msimu, kwa sababu mnunuzi mwenye fedha ya benki hatapewa mkopo kwa ofa. Kama hati ilikuwa rehani na mkopo umeshalipwa, hakikisha benki imeondoa rehani hiyo kwenye daftari la msajili. Mtu anaweza kuwa amemaliza deni miaka sita iliyopita na daftari bado linasema nyumba imefungwa.

Kisha omba mwenyewe upekuzi rasmi wa hati yako, kama vile mnunuzi atakavyofanya. Ni malipo madogo yanayokuonyesha kile atakachokiona mwenzako, likiwemo zuio lililowekwa na mtu usiyemjua. Lipa kodi ya pango la ardhi hadi mwaka huu wa fedha, ulioanza Julai, na uweke risiti. Kodi ya majengo hukatwa kwenye umeme wa LUKU tangu mwaka 2021, lakini kagua mita yako imesajiliwa kwa jengo lipi, kwani nyumba zenye mita mbili au zilizogawanywa huwa na mkanganyiko. Bili za maji za MUWSA ziwe hazina deni.

Risiti za ujenzi ni jambo ambalo watu hulidharau hadi siku ya kodi. Tafuta za saruji, nondo, mabati, fundi, na mkataba ulionunulia kiwanja. Ziweke kwenye bahasha moja. Faida yake nitaieleza kwenye hatua ya tisa.

Hatua ya 4: Zitafute bikoni

Kiwanja kilichopimwa kina mawe ya mpaka kwenye pembe zake, ambayo wengi tunayaita bikoni. Mara nyingi nyumba ikishakaa miaka 20 hakuna anayejua yalipo, kwa sababu udongo umejaa, uzio umepandwa, na jirani aliyekuwepo wakati wa upimaji amehama. Mchukue mpima aliyesajiliwa aje na ramani ya kiwanja, na siku hiyo waalike majirani wa pande zote.

Kule kwetu Pasua, pembe ya nyuma ilikuwa na mstari wa masale, majani marefu ya kijani yaliyosimama wima, aliyoyapanda baba kwa mazoea ya mlimani, ambako isale ndiyo hupandwa mpakani mwa kihamba na kihamba na hakuna mwenye akili anayeing’oa. Sote tuliamini masale ndiyo mpaka. Mpima alipochimba, jiwe likapatikana hatua mbili ndani ya masale, upande wetu, likiwa na chuma katikati na mizizi imelizunguka. Maana yake, kwa miaka yote ile tulikuwa tumepanda kwa jirani. Mzee jirani alicheka, akasema aliona tangu siku ya kwanza ila hakutaka kumwambia baba kitu kwa ajili ya majani. Angekuja kulisema hilo mbele ya mnunuzi, hali ingekuwa nyingine. Tuliyahamisha masale kwa heshima, na tukaandika karatasi ya makubaliano ya mpaka, mzee akaisaini.

Isale ni alama ya amani na ya mpaka kwa desturi, lakini mjini mpaka wa kisheria ni jiwe na ramani. Vyote viwili viheshimiwe, na vikitofautiana, ramani ndiyo itakayofuatwa.

Hatua ya 5: Tengeneza kile ambacho mvua ya vuli itakifichua

Vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba, yaani wateja watakuja wakati bati lako linajaribiwa. Usipake rangi kwanza. Subiri mvua mbili kubwa zinyeshe, ingia ndani na utazame dari chumba kwa chumba, uweke alama ya penseli kila penye doa, kisha ziba bati, badilisha misumari iliyolegea na urekebishe gata. Baada ya hapo ndipo ubadilishe kipande cha dari na kupaka rangi. Mnunuzi akiona rangi mpya na doa jipya la kahawia juu yake, hataamini kingine chochote utakachomwambia.

Mengine ni ya kawaida: ua wa michongoma ukatwe, shimo la maji machafu linyonywe, bomba linalovuja libadilishwe, mchwa utibiwe, taa zote ziwake. Sishauri kuweka marumaru mpya au jikoni mpya kwa ajili ya kuuza. Anayenunua kutoka Dar es Salaam ana ladha yake, na fedha uliyotumia hairudi yote.

Hatua ya 6: Panga bei, na ukubaliane na dalali kwa maandishi

Mtafute mthamini aliyesajiliwa akupe ripoti. Hata kama utauza juu au chini ya thamani aliyotaja, utakuwa na pa kusimamia, na tathmini itahitajika tena wakati wa kuhamisha miliki. Usichukue bei ya jirani aliyeuza mwaka juzi kwa sababu hujui alipokea kiasi gani kweli.

Madalali wa Moshi wanaufahamu msimu huu kuliko wengi wetu, na dalali mzuri anastahili malipo yake. Tatizo ni pale nyumba moja inapokuwa mikononi mwa madalali sita, kila mmoja ameongeza cha juu chake, mteja akasikia bei sita tofauti kwa siku moja. Chagua mmoja, au wawili wasiozidi hapo, andikeni asilimia yake, nani anamlipa, na lini analipwa. Mimi husisitiza alipwe fedha ya mauzo inapoingia, na si mteja anapoonyesha nia. Mpe nakala ya hati, kamwe usimpe hati halisi. Na kama familia yenu haiuzi kabisa, msione haya kuandika ukutani “Nyumba hii haiuzwi,” kwa sababu Desemba wenye nyumba wakiwa mlimani matapeli nao huonyesha nyumba za watu.

Hatua ya 7: Wapokee watazamaji kwa saa na siku zinazofaa

Siku nzuri ni kati ya tarehe 19 na 23, halafu 27 hadi 30. Tarehe 24 mji wote uko Mbuyuni na Soko Kuu ukitafuta mchele, vitunguu na nguo za watoto, na barabara hazipitiki. Tarehe 25 ni ya ibada na ya nyumbani. Tarehe 26 ni ya kutembeleana, na mgeni akija kuangalia nyumba siku hiyo utalazimika kumkaribisha chakula, jambo ambalo ni jema ila haliendi vizuri na mazungumzo ya bei. Tarehe 31 wengi wako kwenye mkesha. Kuanzia tarehe 2 Januari watu wameanza kurudi makwao, na ada za shule zimeanza kusumbua mifuko.

Familia za Kiislamu, ambazo ziko nyingi Majengo na Njoro, hukusanyika zaidi kwa Idd, na Idd huja mapema zaidi kwa siku 10 au 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida. Hatua hizi zote zinafaa hapo pia; kinachobadilika ni tarehe, na kwamba wakati wa Ramadhani mteja akaribishwe asubuhi, asije jioni ya futari.

Saa ni muhimu. Kama nyumba yako inauona mlima, mkaribishe mteja kati ya saa 12 na nusu na saa 3 asubuhi. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mara nyingi huwa wazi wakati huo, halafu mawingu hupanda na kuufunika kwa sehemu kubwa ya mchana. Mtu aliyeondoka Moshi akiwa kijana, akisimama kwenye baraza lako akauona mlima mzima ukiwa mweupe kileleni, huhitaji kumweleza mengi. Jua la asubuhi pia litaonyesha chumba kipi kina mwanga. Lakini usimfiche hali ya mchana: mwambie kama Januari na Februari vyumba vya upande wa magharibi huwa na joto, kwani ataligundua mwenyewe.

Mapokezi yawe ya kwetu. Mteja ataingia akisema, “Shikamoo mama,” nawe utamjibu, “Marahaba baba, karibu, pole na safari,” umkalishe, umpe maji au chai, umuulize wazazi wake wanaendeleaje na ni wa upande gani wa mlima. Hapo si kupoteza muda. Kwa dakika kumi hizo atakuwa ameshajua kama anaweza kukuamini, nawe utakuwa umejua kama ana nia au amekuja kutazama tu. Akija na mke wake, waelekeze wote wawili. Ninyi mliolelewa hapa mnajua ni nani atakayeamua juu ya jikoni. Kama wageni wako wengine wanakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, mwenyeji aonje kwanza kama desturi ilivyo, lakini mbege hiyo isiwe mezani wakati bei inatajwa. Nimesema hivyo kwa uzito. Maneno ya bei yaliyotolewa penye mbege na mbuzi wa kuchoma husababisha ubishi wa nani alisema nini, na hakuna shahidi atakayekumbuka sawasawa.

Wapangaji kama wapo waarifiwe mapema, na vyumba vyao visifunguliwe bila wao kuwepo. Nao wana sikukuu yao.

Hatua ya 8: Mkipatana, andikeni kidogo na mpokee kidogo

Siku mtakayokubaliana bei huenda ni tarehe 28 Desemba, na mnunuzi anataka kurudi Dar es Salaam tarehe 2. Atasema anataka kumaliza yote kabla hajaondoka, na atakuja na fedha taslimu. Mkatalie kwa upole. Wakati huo ofisi nyingi zina watu wachache, mawakili wenyewe wako vihambani, na tarehe 25 na 26 Desemba, pamoja na 1 na 12 Januari, ni sikukuu za taifa. Akishalipa yote kabla ya upekuzi na kabla ya ridhaa zote, wote wawili mmejiweka hatarini: yeye hana miliki, nawe una fedha ya mtu ndani ya nyumba wakati kila mwizi anajua ni msimu wa fedha.

Kinachofaa ni makubaliano mafupi ya maandishi mbele ya wakili au kamishna wa viapo, na malipo ya awali, ambayo wengi huyaita kishika uchumba, yaingie benki. Binafsi sipendi yazidi sehemu ya kumi ya bei. Karatasi itaje bei kamili, kiasi kilichopokelewa, tarehe ya mwisho ya kusaini mkataba mkuu (weka mwisho wa Januari), na itakuwaje kama mmoja atajiondoa. Baada ya hapo usimwonyeshe mtu mwingine nyumba hiyo. Neno lako lililoandikwa lishikwe, hata kama tarehe 30 atakuja mwingine na bei nzuri zaidi.

Kama mnunuzi ana uraia wa nchi nyingine, au hajaeleza vizuri uraia wake, aende kwanza ofisi ya ardhi kuuliza masharti yanayomhusu kabla ya kutoa hata shilingi. Kwa kawaida asiye raia hagawiwi ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji kwa utaratibu maalumu, na kumwandikia jina la binamu yake ni kumtengenezea ugomvi wa maisha.

Hatua ya 9: Januari, malizeni ofisini

Mkataba wa mauziano uandikwe na wakili, wenye mashahidi wa pande zote, picha za pasipoti, namba za vitambulisho vya NIDA na namba za mlipakodi. Ziambatanishwe ridhaa ya mwenzi au barua ya usimamizi wa mirathi na muhtasari wa familia. Kwa ardhi iliyosajiliwa, fomu za ofisi ya ardhi zinazohusika ni namba 29 ya kutoa taarifa ya uhamisho, namba 30 ya kuomba kibali na namba 35 ya kuhamisha miliki. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwa shahidi na ni heshima kumjulisha, lakini muhuri wake hauhamishi hati. Uhamisho hufanyika kwa msajili.

Sasa kodi. Muuzaji mkazi mwenye kumbukumbu za gharama zake hutozwa asilimia 10 ya faida aliyoipata, si ya bei yote. Tuseme umeuza kwa milioni 120, na kwa risiti zako umethibitisha kuwa kiwanja na ujenzi viligharimu milioni 70. Faida ni milioni 50, na kodi ni milioni 5. Bila risiti, gharama hizo utazithibitishaje? Ndiyo faida ya ile bahasha. Aidha, kama ni makazi yako mwenyewe uliyoyamiliki na kuyaishi kwa miaka mitatu au zaidi, faida isiyozidi milioni 15 husamehewa. Kodi hii isichanganywe na ile ya ongezeko la thamani inayotozwa dukani. Ni vitu viwili. Ushuru wa stempu ni takriban asilimia 1 ya thamani, nao hulipwa ndani ya siku 30 tangu mkataba kusainiwa. Kwa mazoea mnunuzi ndiye huulipa, ila liandikwe.

Mnunuzi akikuomba muandike bei ndogo kwenye mkataba ili kodi ipungue, kataa. Ni kosa, tathmini itawaumbua, na mkija kugombana mahakamani bei itakayosomwa ni ile ya kwenye karatasi.

Salio lilipwe kwa uhamisho wa benki siku mkataba unaposainiwa, na usikabidhi hati halisi hadi benki yako ithibitishe kwamba fedha imeingia. Ujumbe wa simu anaokuonyesha mnunuzi hautoshi. Ingia mwenyewe benki uone.

Hatua ya 10: Makabidhiano

Mgao wa familia ufanyike kwa akaunti za benki, kila mmoja asaini kupokea, hata wale mlio karibu sana. Mpeleke mnunuzi kwa majirani wa pande zote na umtambulishe kwa jina, kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mzee anayetunza njia ya maji kama ipo. Akaunti ya maji ibadilishwe jina, na mita ya LUKU iandikwe namba yake kwenye karatasi ya makabidhiano. Kama kuna mmea au jiwe lenye maana kwa familia, liondoeni kabla ya siku hiyo. Sisi tulichukua miche mitatu ya yale masale tukaipeleka kihambani, na dada wa Mtwara ndiye aliyeipanda. Mwisho, mita ya maji isomwe wote mkiwapo, namba zake zipigwe picha, tarehe na saa ziandikwe chini, na funguo zote zihesabiwe moja moja mkononi mwa mnunuzi, ukiwemo ule wa geti la nyuma.